Jambia la Kiomani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uhalisi na hali yake

Maswali haya ni ya waliorithi jambia, waliouziwa jambia, na wanaotaka kununua. Jambia linalozungumzwa hapa ni la Kiomani, ambalo Waomani wenyewe huliita khanjari. Lilivaliwa kiunoni Maskati, Nizwa, Unguja, Mombasa na Lamu, likiwa silaha na likiwa vazi la heshima, na tangu 1970 limo katika bendera ya Oman pamoja na panga mbili zilizopishana.

Nimerithi jambia. Ni la kweli au ni bandia?

Kila mtu huanza na swali hili, na mara nyingi halina jibu la neno moja. Jambia halitoki mkononi mwa fundi mmoja. Mhunzi hufua bapa, mwingine huchonga mpini, sonara hufua fedha, na mshonaji hutia zari kwenye mkanda. Baada ya hapo huanza maisha yake. Bapa zuri huishi kuliko ala yake. Mwenye nalo akineemeka hulivisha ala ya fedha. Akifilisika, fedha huvuliwa ikauzwa, bapa likabaki. Mpini ukipasuka hutiwa mwingine. Ndiyo maana jambia la kweli kabisa, lililovaliwa na babu, mtoto na mjukuu, laweza kuwa na bapa la karne ya 19, mpini wa miaka ya 1930 na mkanda wa juzi.

Kwa hiyo kihoji kila kipande peke yake: kimefanywa kwa mkono au kwa mashine, kwa kitu gani, na kina umri gani takriban. Halafu uliza swali linalopanga thamani kuliko mengine yote: vipande hivi vimeishi pamoja kwa muda gani? Mtu akikwambia jambia lake lote, kila kipande, ni la karne ya 18 bila kuguswa, mpe nafasi ya kuonyesha, lakini usitoe pesa kwanza.

Nitajuaje kama vipande vimezoeana, au vimeunganishwa jana ili viuzwe?

Anza kwa kulichomoa. Jambia lililokaa katika ala yake hugoma kidogo mwanzoni, kisha huteleza. Likirudi linatulia bila kucheza. Ukilitikisa likagonga ndani, au likakataa kuingia mpaka mwisho, basi ama bapa ama ala imetoka kwingine.

Hapa pana jambo linalowatia watu wasiwasi bure. Ala ya Kiomani imepinda kuliko bapa lake. Kuanzia katikati hupinda karibu pembemraba, ilhali bapa limepinda kidogo tu na halifiki kwenye ncha ya ala. Kipande kile cha mwisho ni pambo. Wengi huchomoa kwa mara ya kwanza, wakaona bapa fupi, wakadhani limekatwa.

Tazama pia mpini unapokutana na mdomo wa ala. Upana ulingane, na fedha ya huku na ya kule iwe na rangi moja. Kisha tafuta alama za kuchakaa, maana haziji popote tu. Upande wa nyuma husuguana na kanzu na mkanda, kwa hiyo nakshi zake hufifia mapema. Pete huliwa pale zinapovutwa na mkanda. Kichwa cha mpini hulainika mahali kiganja kinapotulia. Ukiona mpini uliolainika kwa miaka umekaa juu ya ala ambayo nakshi zake bado zinakwaruza kidole, vitu hivyo viwili havikuzeeka nyumba moja.

Mwisho, chungulia pale chuma kinapoingia kwenye mpini. Mafundi wa zamani walikishika chuma kwa utomvu ulioyeyushwa, ambao ukikauka huwa wa kahawia iliyokolea na hupasukapasuka. Gundi nyeupe au ya kung'aa kama kioo ni kazi ya zama zetu. Yenyewe haitoshi kulihukumu jambia, maana vitu vya kuvaliwa hutengenezwa. Ila muuzaji aliyesema "halijaguswa" ajieleze.

Litofautishe vipi na la Yemen au la Morocco?

La Yemen kwa kawaida lina ala ya mbao iliyofungwa ngozi au kitambaa, na ncha yake hugeuka kurudi juu kwa ukali zaidi, mithili ya ndoana. Hushikiliwa na mkanda mpana, na mpini una mabamba mawili ya duara mbele. La Morocco halina mkanda wa kiunoni kabisa: ala yake ina masikio mawili makubwa yenye pete, nalo huning'inizwa begani kwa kamba. La Kiomani hujulikana kwa safu ya pete inayokata ala kwa upana wake, nyuzi za fedha zilizosukwa kuzunguka, na ule mkunjo wa pembemraba.

Kwenye maduka ya watalii yote matatu huitwa "jambia la zamani la Zanzibar". Ukiona masikio mawili na kamba, funga mazungumzo kwa upole.

Naambiwa langu ni "Saidi". Ndiyo nini?

Ni mtindo unaofungamana na ukoo wa Al Said. Mapokeo ya Oman yanasema umbo la mpini wake lilibuniwa na mke wa Seyyid Said bin Sultan, binti wa kifalme wa Uajemi. Seyyid Said ndiye aliyehamishia makao yake Unguja, akafariki 1856. Mpini wa Saidi hauna kile kichwa bapa chenye umbo la T kinachoonekana kwenye majambia mengi ya Oman. Umepambwa na kuviringika zaidi, na mara nyingi umefunikwa fedha mpaka kitu kilicho chini yake hakionekani. Ala ya Saidi kwa kawaida ina pete saba, na mitindo mingine mingi ina pete nne. Lipo pia la Sur, ambalo ni dogo na jepesi, na yapo ya Nizwa na ya Batina.

Hesabu ya pete ni mwanzo mzuri lakini si hati ya kuzaliwa. Mtindo wa Saidi unapendwa, kwa hiyo unaigwa kuliko mingine, na hakuna kinachomzuia fundi wa leo kutia pete saba.

Nitazame nini kwenye bapa?

Uti wa katikati kwanza. Bapa la Kiomani lina makali pande mbili na uti ulioinuka katikati, mbele na nyuma. Lililofuliwa kwa mkono halinyooki sawasawa: ukilishika kuelekea mwanga, uti unayumba kidogo, na upande mmoja si pacha kamili wa mwingine. La kiwandani lina mistari ya kusagia iliyolingana toka mwanzo mpaka mwisho, au limepakwa kromu linang'aa kama kijiko cha hoteli. Chuma chembamba kisicho na makali wala uti wa kweli ni cha kuvaliwa harusini, basi.

Halafu umbo. Bapa lililonolewa miaka mingi hupungua upana, na karibu na mpini, mahali jiwe la kunolea halifiki, hubaki bega dogo. Alama hiyo ni ngumu kuighushi kwa sababu inataka subira.

Kutu nayo ina umri. Kutu ya zamani ni nyeusi au kahawia nzito, imelala ndani ya chuma, na ukipitisha kidole haitoki. Kutu ya rangi ya chungwa inayoacha unga mkononi ni ya karibuni: ama jambia lilihifadhiwa vibaya, ama mtu alilimwagia maji ya chumvi ili lionekane kuukuu. Njia ya kutofautisha ni kutazama linakoota. Unyevu wa kawaida huanza karibu na mdomo wa ala na kwenye ncha. Aliyemwagia chumvi hupaka kotekote, hata ndani ya mikwaruzo mipya.

Mawimbi ya rangi kwenye chuma, yale yanayoitwa ya Dameski, yaangalie kwa shaka. Mchoro ukijirudia kwa vipimo vilevile, umechorwa na asidi juu juu.

Mpini wangu wanasema ni kipusa. Nitathibitishaje?

Jibu hili lina uzito wa pesa na uzito wa sheria pia, kwa hiyo litakuwa refu.

Pembe ya kifaru, ndiyo kipusa, haina mfupa ndani. Imejengwa kwa nyuzi nyembamba za keratini, kitu kilekile cha nywele na kucha, zilizoshikana pamoja. Ukiwa na lenzi ya sonara, upande wa urefu utaona mistari myembamba inayokwenda sambamba. Pale ilipokatwa kwa upana utaona vitone vingi vilivyosongamana. Ukiweka tochi nyuma ya ukingo mwembamba, mwanga hupita ukiwa na rangi ya asali au kaharabu. Mipini iliyoshikwa kwa vizazi hupata ung'avu wa ndani ambao rangi ya dukani haiuigi vizuri.

Pembe ya ng'ombe au ya nyati hujengwa kwa tabaka. Huonyesha michirizi mipana, hubanduka kama magamba ikizeeka, na haina vile vitone. Mipini mingi inayosemwa ni ya kipusa ni ya pembe hii, na wenye nayo hawakudanganya. Waliambiwa hivyo na baba zao.

Pembe ya ndovu ina mistari inayokatana kama wavu, hasa mahali ilipokatwa kwa upana. Mfupa hauna wavu. Una vitundu vidogo vyeusi, ambavyo ni njia za damu za zamani. Mti, hasa msandali, hutambulika kwa nyuzi zake, na mara nyingine bado hunukia ukiusugua. Plastiki ina rangi moja toka juu mpaka chini, mara nyingi na mshono mwembamba wa kalibu ubavuni, na ukiigonga kwa kucha hutoa mlio mfu.

Usichome sindano ya moto. Ushauri huo umezagaa, na umeacha vitundu vyeusi kwenye mipini mizuri isiyo na hatia. Pembe ya ng'ombe na kipusa zikiungua hunuka nywele zote mbili, kwa hiyo umeharibu na hujajua lolote. Pakiwa na shaka ya kweli, maabara za vinasaba zinaweza kumtambua mnyama kwa chembe ndogo ya unga.

Misumari midogo ya fedha iliyopigiliwa kwenye mpini nayo ina la kusema. Ya mkono haikai kwenye mstari kamili, na vichwa vyake havilingani. Baadhi imepotea na kuacha matundu yenye uchafu wa miaka ndani. Matundu meupe yaliyo safi yametobolewa juzi.

Kama kweli ni kipusa au pembe ya ndovu, naruhusiwa kuwa nalo? Kuliuza? Kulisafirisha?

Biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini inatawaliwa na mkataba wa CITES, uliotiwa saini Washington 1973 na kuanza kutumika 1975. Vifaru wote waliwekwa kwenye orodha yake kali kuliko zote mwaka 1977, na ndovu wa Afrika wakafuata kwa uamuzi wa 1989. Mwaka huohuo wa 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Yemen, soko kubwa la mipini ya kipusa, ilipiga marufuku kuingiza pembe hizo 1982. Haya hayakuja kwa bahati mbaya: vifaru weusi wa Afrika walikadiriwa kuwa kama 65,000 mwaka 1970, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 hawakuzidi 2,500. Sehemu ya pembe zile ziliishia viunoni mwa watu ng'ambo ya bahari yetu, na mkusanyaji asiyetaka kulisikia hilo achague kitu kingine cha kukusanya.

Kwa vitendo: Tanzania Bara, kipusa na pembe ya ndovu ni nyara za serikali, na kukutwa nazo bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009. Kenya, sheria ya 2013 ni kali vilevile, na adhabu kwa nyara za wanyama walio hatarini ni nzito mno. Kusema "ni la babu" si kibali. Kabla hujaliweka sokoni, au hata kulipiga picha ya tangazo, waulize wasimamizi wa wanyamapori, TAWA kwa Tanzania Bara au KWS kwa Kenya, kuhusu hadhi ya kitu ulicho nacho. Walio Zanzibar waulize mamlaka za kwao. Uingereza ilitunga sheria yake ya pembe za ndovu 2018, ikaanza kutumika 2022, na biashara ya vitu hivyo imebaki kwenye misamaha michache inayohitaji usajili au cheti.

Usilibebe kuvuka mpaka bila karatasi. Jamaa wengi husafiri kati ya Maskati, Dar es Salaam, Mombasa na London na jambia la familia ndani ya sanduku kwa ajili ya harusi, wakidhani shida ni makali tu. Makali huenda kwenye mzigo wa chini ya ndege na jambo likaisha. Mpini ndio unaotaifishwa. Wenye mpini wa mti, fedha tupu au pembe ya ng'ombe walale usingizi, ila wabebe kitu cha kuthibitisha.

Fedha yangu haina muhuri wowote. Si fedha?

Laiti kila tatizo lingekuwa jepesi hivi. Masonara wa zamani wa Oman na wa pwani yetu mara nyingi hawakupiga muhuri. Malighafi yao kubwa ilikuwa riale ya Maria Theresa, sarafu ya Austria iliyozunguka Ethiopia, Arabuni na Unguja. Ilipigwa kwa miongo mingi katika miji tofauti, lakini daima kwa tarehe ileile ya 1780, ikiwa na uzito wa gramu 28 na fedha sehemu 833 kwa 1000. Mteja aliweza kuja na riale zake, sonara akaziyeyusha mbele yake, na hapo hapakuwa na haja ya muhuri. Kwa sababu hiyohiyo, ukiona "925" imegongwa wazi nyuma ya ala, unatazama kazi ya karibuni, hata kama ni fedha safi na kazi nzuri.

Bandia ya kawaida ni aloi ya shaba, nikeli na zinki, isiyo na fedha hata chembe. Sumaku haitakusaidia, kwani haivuti aloi hii wala fedha. Inakamata chuma tu. Tazama sehemu zilizolika: ung'avu ukigeuka wa njano au wa kijivu baridi, shuku. Sonara mwenye jiwe na tindikali atakupa jibu kwa dakika chache, lakini mwombe ajaribu nyuma ya pete au chini ya mkanda, asikwaruze uso. Siku hizi wapo wenye mashine ya eksirei inayosoma metali bila kugusa. Kwa jambia la thamani, tafuta huyo.

Na nakshi? Za mkono nitazijuaje?

Kwa lenzi. Mchoro wa patasi una mwanzo mzito na mwisho mwembamba, na maua mawili yanayokusudiwa kufanana hayafanani kabisa. Nakshi zilizomiminwa kwenye kalibu zina kingo za duara na vishimo vidogo vya hewa. Bamba lililopigwa kwa mashine hujirudia bila kosa. Nyuzi za fedha zilizosukwa katikati ya ala: za zamani zina unene unaobadilika kidogo, za leo zimelingana.

Weusi kwenye fedha ni dalili ya ukale?

Ni dalili ya hewa. Fedha huingia weusi kwa salfa, na mjini Mombasa au Unguja, penye joto na unyevu, haihitaji miaka mingi. Kinachosema ukweli ni mpangilio wake. Kwenye jambia lililovaliwa, weusi umejificha mabondeni na vilele vinang'aa kwa kuguswa. Lililozeeshwa kwa dawa ni jeusi kwa usawa, hata mahali nguo zingepasugua kila siku. Wapo pia wanaotumia rangi ya viatu. Futa kona kwa pamba kavu, kisha inuse.

Lina maandishi ya Kiarabu na mwaka. Hiyo si tarehe yake?

Labda. Mwaka utakuwa wa Hijria, kwa hiyo 1300 ni sawa na 1882 au 1883, si kosa la fundi. Lakini majambia mengi mazuri ya zamani hayana jina wala tarehe, na jina la mtu mkubwa huongeza bei, ndiyo maana huandikwa baadaye. Tazama ndani ya mistari kwa lenzi. Mchoro uliozeeka pamoja na bamba una weusi ndani yake na kingo zilizolainika. Uliochongwa jana umekata weusi ule, na chini yake unaona fedha nyeupe. Mpe pia msomaji wa Kiarabu asome. Kuna maandishi ya kupendeza yasiyosema kitu.

Muuzaji anasema lilitoka kasri la Sultani mwaka 1896.

Vita ya Waingereza na Zanzibar ya tarehe 27 Agosti 1896 huhesabiwa kuwa ilidumu dakika kama 38, na kama majambia yote yanayosemwa yalitoka humo yangetoka kweli, kasri lingekuwa ghala la silaha. Hadithi ya pili inayopendwa ni Mapinduzi ya 1964. Hii ina ukweli ndani yake, kwani familia nyingi ziliondoka Unguja, na mali ziliuzwa, zikafichwa au zikapotea. Kwa sababu hiyohiyo ni rahisi kuisema juu ya kitu chochote.

Nasaba ya jambia hujengwa kwa karatasi: wosia, risiti, barua, hati ya mnada, picha. Picha za studio za zamani ni hazina, kwa mfano zile za A. C. Gomes wa Unguja, lakini mzee aliyevaa jambia kwenye picha hathibitishi kuwa ni hili lililo mezani. Hesabu pete, linganisha maua ya nakshi moja moja, tafuta msumari uliopungua mahali palepale. Yakikubaliana matatu au manne, una ushahidi ambao wanunuzi makini huulipia. Yasipokubaliana, una picha nzuri na jambia, vitu viwili.

Kasoro zipi hupunguza thamani sana, na zipi si neno?

Si neno: fedha kufifia nyuma, misumari michache kupotea, mkanda kubadilishwa (mikanda ni kama nguo, huisha), kutu kavu ya zamani, ufa mdogo wa mpini usiocheza. Kale kakisu kadogo kanakochomekwa nyuma ya ala hupotea mara kwa mara. Kakiwepo na kakaonyesha umri uleule, furahi.

Huumiza: bapa lililosagwa na mashine mpaka uti ukafutika, lehemu ya risasi ya kijivu iliyomwagika juu ya nakshi, mpini uliopakwa vanishi, ncha iliyovunjika ikachongwa upya, na ala iliyonyooshwa baada ya kukanyagwa. Lehemu hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu huila fedha na kuitoa ni kazi ya fundi hodari. Yupo fundi katika kila mji anayetengeneza kila kitu kwa lehemu hiyohiyo, kuanzia redio mpaka kidani cha bibi harusi. Mpelekee redio.

Mashimo madogo ya duara kwenye mpini wa pembe, yenye unga chini yake, ni wadudu. Hula keratini, na ikiwa unga ni mpya, bado wamo.

Nilisafishe kabla ya kulionyesha?

Hapana. Nyumbani kwetu fedha husuguliwa kwa majivu na ndimu, na wengine kwa dawa ya meno. Majivu na dawa ya meno hukwaruza, ndimu hula. Baada ya Idi chache vilele vya nakshi vinakuwa bapa. Vumbi litoe kwa brashi laini kavu. Fedha, ukilazimika, ifute kwa kitambaa maalumu cha fedha, na uache weusi wa mabondeni. Huo ndio unaofanya nakshi isomeke. Bapa lifute kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya mashine. Msasa usiukaribie.

Pwani kuna chumvi na joto. Nilihifadhi vipi?

Mahali pakavu penye hewa, mbali na ukuta wa nje. Liviringishe kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila marashi. Usitumie gazeti, sufu wala mipira ya kufungia, kwa kuwa vina salfa au huleta salfa. Vifuko vya silika vinafaa, mradi uvikaushe au uvibadilishe. Bapa likiwa na kutu hai, likae nje ya ala mpaka kutu itulizwe, kwani mbao za ndani hushika unyevu. Lichomoe mara moja moja ulitazame. Kabati la kioo linalopigwa na jua la mchana hupasua pembe.

Jipya la harusi halina thamani?

Lina thamani ya kazi yake. Ufundi wa jambia haujafa: mwaka 2022 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu kwa jina la Oman, na wapo mafundi wanaofua fedha leo kwa ustadi wa kustaajabisha. Jambia jipya la fundi hodari, la fedha halisi na mpini wa msandali, nalipenda kuliko kuukuu la kuungaunga lenye kipusa cha kutilia shaka. Bandia ni jipya linalouzwa kwa jina la zamani. Bwana harusi wa Lamu aliyevaa joho, kilemba na jambia la aloi hajamdanganya mtu.

Nataka maoni ya mtu aliye mbali. Nipige picha zipi?

Mwanga wa dirisha, asubuhi, bila fleshi. Jambia zima likiwa ndani ya ala, mbele na nyuma. Bapa likiwa nje, pande zote mbili, pamoja na rula. Mpini toka mbele, nyuma, ubavuni na juu ya kichwa. Mdomo wa ala ukitazamwa kwa ndani. Mahali chuma kinapoingia mpinini, kwa karibu kadiri simu inavyoweza. Pete, hasa zilipolika. Ncha ya ala. Maandishi yoyote, hata usiyoweza kuyasoma. Upande wa nyuma ndio watu husahau kuupiga, na ndio ninaouomba kwanza.